Mtoto wa bawabu aliyemshinda amiri kwa juzuu moja

Bawabu ni mtu wa mlangoni. Hufungua, hufunga, na huamua nani aingie na nani asubiri juani. Mjini Baghdad, katika karne ya 10, palikuwa na bawabu wa jumba la watawala wa ukoo wa Buwayh, na bawabu huyo alikuwa na mtoto aliyeitwa Ali bin Hilal. Watu hawakumwita hivyo. Walimwita Ibn al-Bawwab, yaani mtoto wa bawabu, na wengine Ibn al-Sitri, mtoto wa mshika pazia. Lilikuwa jina la kumkumbusha alikotoka kila alipopita. Leo, miaka 1,000 baada ya kifo chake, ndilo jina la mmoja wa waandishi wa khati wakubwa kuliko wote katika ulimwengu wa Kiislamu, na nakala alizoandika kwa mkono wake zimetafutwa, zimeuzwa na kughushiwa kuliko za wengi waliomcheka.

Hakuanza na kalamu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupaka rangi na kupamba nyumba za watu. Kutoka kwenye kuta akahamia kwenye vitabu, akawa fundi wa kupamba kurasa kwa dhahabu na rangi. Mwisho kabisa ndipo akaingia kwenye mwandiko. Mpangilio huo una maana, kwa sababu alipoishika kalamu alikuwa tayari anajua dhahabu inavyoshika kwenye karatasi, rangi inavyofifia, na ukurasa unavyochakaa. Ujuzi huo ndio uliokuja kumfaa siku ya siku.

Mji wenyewe ulikuwa wa karatasi. Ufundi wa kuitengeneza ulitoka Uchina, ukapitia Samarkand, na tangu mwishoni mwa karne ya 8 Baghdad ilikuwa ikitengeneza ya kwake kwa matambara na kamba chakavu. Kabla ya hapo watu waliandikia ngozi za wanyama zilizokwanguliwa, au mafunjo kutoka Misri. Msahafu mkubwa wa ngozi ulimaliza kundi zima la kondoo. Karatasi ilishusha gharama, na gharama ikishuka soko huzaliwa. Al-Ya'qubi, aliyeandika katika karne ya 9, alitaja maduka zaidi ya 100 katika soko la wauza karatasi na vitabu la Baghdad.

Mwenye duka la aina hiyo aliitwa warraq, mtu wa karatasi. Mara nyingi yeye mwenyewe alikuwa muuza karatasi, mnakili, mtia majalada na muuza vitabu, kama fundi wa leo anayeuza kitambaa na kushona gauni papo hapo. Mmoja wao, Ibn al-Nadim, mwaka 987 alikusanya orodha ya vitabu vya Kiarabu vilivyojulikana zama zake. Humo ameandika habari za Yahya bin Adi, mwanafalsafa Mkristo aliyejipatia riziki kwa kunakili, ambaye alisema kwamba aliweza kumaliza karatasi 100 kwa usiku na mchana mmoja. Hapakuwa na mashine yoyote. Kila kitabu kilichokuwa sokoni kilikuwa kimepita mikononi mwa mtu, herufi baada ya herufi.

Baada ya kuandikwa, karatasi zilikunjwa kwa vitita, vitita vikashonwa kwa uzi, mgongo ukapakwa gundi. Jalada lilikuwa la mbao nyembamba au la karatasi zilizogundishwa pamoja hadi zikawa ngumu, kisha likavikwa ngozi. Upande wa kushoto palibaki ulimi wa ngozi unaokunjwa kufunika ukingo wa kurasa. Aliyewahi kushika msahafu mkongwe wa pwani huenda ameuona ulimi huo.

Katika soko hilo lenye mikono mingi, jina moja lilikuwa juu ya yote: Ibn Muqla. Huyu hakuwa mnakili wa kawaida. Alikuwa waziri wa makhalifa mara 3, na ndiye anayesifiwa kwa kuupa mwandiko wa Kiarabu vipimo. Alichukua nukta moja ya kalamu kuwa kipimo, akapima alifu kwa nukta, na herufi nyingine zote kwa alifu. Siasa ilimwangusha vibaya. Mwaka 936 alikatwa mkono wa kulia, na inasimuliwa kwamba alifunga kalamu kwenye kigutu akaendelea kuandika. Alifia gerezani mwaka 940. Ibn al-Bawwab hakusoma kwake. Alijifunza kwa Muhammad bin Asad na al-Simsimani, waliopokea njia ya Ibn Muqla, na akautazama mwandiko wa marehemu huyo mpaka ukaingia mkononi mwake.

Tukio linalokumbukwa zaidi katika maisha yake halikutokea Baghdad. Lilitokea Shiraz, mji uleule wa Uajemi ambao Washirazi wa pwani yetu hujinasibisha nao. Yaqut al-Hamawi, mwandishi wa karne ya 13 aliyekusanya habari za watu wa elimu, ndiye aliyelihifadhi kama Ibn al-Bawwab mwenyewe alivyolisimulia.

Wakati huo alikuwa mtunza maktaba wa amiri Baha al-Dawla. Siku moja, akipekua vitabu, aliokota juzuu moja ya msahafu yenye jalada jeusi. Alipoifungua akaujua mwandiko papo hapo: ni wa Ibn Muqla. Msahafu huo uliandikwa kwa juzuu 30, kila moja na jalada lake, kama zile zinazogawiwa wasomaji katika khitima ili kila mtu ashike yake. Lakini juzuu hizo zilikuwa zimetawanyika ovyo kati ya vitabu vingine. Akaanza kuzitafuta moja moja. Akapata 29. Ya 30 haikuonekana, na alipokwisha kupekua kila mahali alijua kwamba imepotea.

Akampelekea amiri habari. Baha al-Dawla alimtaka aikamilishe yeye mwenyewe juzuu hiyo. Ibn al-Bawwab akakubali, lakini kama mtu wa soko akaweka sharti kwanza. Kama amiri atashindwa kuitambua juzuu mpya kati ya zile za zamani, atampa joho la heshima na dinari 100. Amiri akaridhia. Kwa kipimo cha kisheria dinari moja ilikuwa dhahabu ya gramu 4 na robo, kwa hiyo mezani palikuwa na karibu nusu kilo ya dhahabu.

Hapo ndipo ufundi wote wa mtoto wa bawabu ulipohitajika. Kuiga herufi peke yake kusingetosha. Karatasi mpya ingemuumbua kabla hata herufi moja haijasomwa. Basi akarudi maktaba akachambua karatasi za zamani zilizokuwa humo, za Samarkand na za Uchina, mpaka akapata inayofanana na ya msahafu ule. Akaandika juzuu nzima. Akaipamba kwa dhahabu, kisha akaififisha dhahabu hiyo ionekane imekaa miaka. Elimu ya kuchakaza vitu vipya haikuwa ngeni zama zile. Kitabu kimoja cha ufundi wa vitabu kilichoandikwa Tunisia katika karne hiyohiyo kinaeleza jinsi ya kuizeesha karatasi kwa maji ya wanga na zafarani.

Bado jalada. Hatua hii ndiyo ya kijanja kuliko zote. Alichukua juzuu mojawapo ya zile 29, akaivua jalada lake la asili, akaivika nalo ile aliyoiandika. Kisha akatengeneza jalada jipya, akalizeesha, akaivika ile juzuu halisi iliyobaki uchi. Kwa hiyo mtu ambaye angetafuta jalada la kutilia shaka angeishia kuishuku kazi ya Ibn Muqla, na kuipita ya Ibn al-Bawwab bila kuitazama mara mbili.

Ukapita karibu mwaka mzima. Amiri alikuwa amesahau. Siku moja Ibn Muqla akatajwa barazani, Baha al-Dawla akakumbuka na kuuliza habari za ile juzuu. Ikaletwa pamoja na zote. Akazipitia moja baada ya nyingine, akazirudia, asiione. Mwishowe akalazimika kuuliza ni ipi. Ibn al-Bawwab hakumwonyesha. Alishauri wauache uwe msahafu kamili wa Ibn Muqla na siri ibaki kati yao wawili. Amiri akakubali, na hakuurudisha maktaba tena. Aliuweka karibu na mahali alipolala.

Mfanyabiashara anayesoma habari hii ana haki ya kukunja uso kidogo. Juzuu ile ilikuwa ya bandia au haikuwa? Aliyeiagiza alijua kila kitu tangu mwanzo, na hakuna aliyeuziwa kwa uongo. Lakini wale wawili walipokubaliana kunyamaza, yeyote ambaye angeurithi msahafu ule baada ya amiri angeamini ana juzuu 30 za Ibn Muqla, ilhali ana 29. Habari imetufikia kwa sababu Ibn al-Bawwab mwenyewe hakuitunza siri aliyoiomba. Fundi hawezi kukaa kimya milele juu ya kazi nzuri kuliko zote aliyowahi kufanya, na pengine hapaswi.

Na malipo? Hayakuja. Alilikumbusha deni lake mara nyingi, na kila mara aliahirishwa. Kumdai mtu ambaye askari wote wa mji ni wake si kazi ndogo, na Ibn al-Bawwab aliijua hesabu hiyo. Akabadili njia. Siku moja alimwambia amiri kwamba maktabani kuna karatasi nyeupe ya Uchina, nyingine nzima na nyingine imekwisha kukatwa, akaomba apewe ile iliyokatwa tu, badala ya joho na dinari zote. Kwa amiri yalikuwa mabaki. Akaruhusu bila kufikiri. Ibn al-Bawwab akaenda maktaba, akabeba yote iliyokuwamo, na aliandikia karatasi hiyo kwa miaka.

Mtu anaweza kusema alidhulumiwa, na kweli alidhulumiwa. Ila alijua bei ya alichokiomba kuliko aliyekitoa. Dinari 100 zingeliwa zikaisha. Karatasi bora ya Uchina ilikuwa mtaji, na mikononi mwake kila kipande kiliongezeka thamani kwa kuguswa na wino.

Yale aliyoyajua kuhusu wino na kalamu aliyaweka katika shairi la kufundisha lililosomwa na wanafunzi kwa karne nyingi. Ndani yake anaeleza kuchagua mwanzi mgumu ulionyooka, na kuchonga ncha kwa uangalifu. Masizi anasema yalowekwe katika siki au maji ya zabibu mbichi, yatiwe ukaria, zarniki ya manjano na kafuri. Karatasi ikatwe na kukandamizwa isibaki na makunyanzi. Anamhimiza anayeanza asione haya kwa herufi zake mbaya za mwanzo. Lakini kuhusu namna hasa ya kukata ncha ya kalamu, jambo ambalo ndilo kila mtu alitaka kulijua, anafunga mdomo na kusema hiyo ni siri yake. Fundi hata akifundisha, kuna droo moja haifungui.

Alirudi Baghdad, ambako Fakhr al-Mulk, waziri aliyeitawala Iraq kwa niaba ya Baha al-Dawla, alimfanya miongoni mwa watu wake wa barazani. Alikuwa amehifadhi Kurani yote kwa moyo, akijua fikihi, na alikuwa akitoa mawaidha katika msikiti wa al-Mansur. Pamoja na hayo alikuwa bado mtu wa kusubiri mlangoni. Siku moja alikuwa ameketi kizingitini kwa waziri akingoja atoke, akapita mtu mmoja wa barazani akamtania kwamba ustadhi amekaa mahali pa ukoo wake. Ibn al-Bawwab akakasirika, akajibu kwamba lau angekuwa na amri hapo, watu wa aina hiyo wasingeruhusiwa kuingia. Yule hakushindwa kinywa. Alisema ustadhi kweli hajaiacha kazi ya baba yake. Walimcheka pia kwa ndevu zake ndefu na kwa hali yake ya maisha. Hodari wa mkono alikuwa, tajiri hakuwa.

Alifariki Baghdad mwaka 1022 kwa hesabu inayokubaliwa na wengi, akazikwa karibu na kaburi la Imamu Ahmad bin Hanbal. Inasemekana aliandika Kurani nzima mara 64. Kama kila moja ilikuwa na karatasi 286, idadi ya ile inayojulikana leo, basi ni karatasi 18,304 kwa mkono mmoja, bila kuhesabu diwani, barua na vitabu vingine.

Kisha bei ikapanda. Yaqut anasimulia habari ya barua moja ya Ibn al-Bawwab, yenye mistari kama 70, ambayo aliiandika kumwombea mtu kitu kidogo tu kisichozidi thamani ya dinari 2. Baada ya kufa kwake barua hiyo iliuzwa dinari 17. Aliyeinunua, au aliyeipata baadaye, akaiuza tena kwa dinari 25. Ombi lilikuwa dogo kuliko bei ya karatasi lililoandikiwa.

Palipo na bei hapakosi bandia. Mtu aliyejenga sifa yake kwa kumwiga mwingine naye akaigwa. Njia yake iliendelea kwa wanafunzi na wanafunzi wa wanafunzi, miongoni mwao mwanamke wa Baghdad aliyeitwa Shuhda, aliyefariki mwaka 1178, mwandishi na mwalimu wa hadithi, hadi kwa Yaqut al-Musta'simi, aliyekuwapo Wamongolia walipoiangamiza Baghdad mwaka 1258. Waigaji wa heshima walitia majina yao. Wengine walitia la kwake. Mwaka 1955 mtaalamu D. S. Rice alichapisha uchunguzi wa misahafu na maandishi yenye saini ya Ibn al-Bawwab, na katika yote aliyoyalinganisha aliona nakala moja tu ya Kurani ya kuaminika bila shaka. Mengine wataalamu wanaendelea kubishana.

Nakala hiyo iko Dublin, Ireland, katika maktaba ya Chester Beatty. Ilivyofika huko kuna kipande kinachogusa barabara zetu. Chester Beatty alizaliwa New York mwaka 1875, akawa mhandisi wa migodi, na kampuni yake, Selection Trust, ilikuwa miongoni mwa walioifungua migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Utajiri wa migodi ndio uliomwezesha kukusanya maandiko ya kale kwa maelfu. Dereva anayepanga foleni Tunduma na shehena ya shaba kuelekea bandari ya Dar es Salaam anapitisha bidhaa ileile ambayo, miaka mingi nyuma, ilisaidia kumtajirisha aliyeununua msahafu wa mtoto wa bawabu.

Ni kitabu kidogo. Urefu wake haufiki sentimita 18, unaweza kukiweka katika mfuko wa safari. Kiko katika juzuu moja, karatasi, wino wa kahawia, mistari 15 kwa ukurasa, herufi za mviringo zilizo wazi na irabu zote zimetiwa. Misahafu ya zamani ya ngozi yenye herufi za kona kona ilikuwa ya kutazamwa na kuheshimiwa. Huu ni wa kusomwa. Kurasa za mwanzo zina mapambo ya dhahabu, ambayo huenda ni kazi ya mkono wake pia, na ndani ya mapambo hayo kumeandikwa hesabu: idadi ya sura, aya 6,236, idadi ya maneno na ya herufi, kama mtu anavyoandika orodha ya shehena kabla ya kuifunga, ili anayeipokea aweze kuhakiki.

Ukurasa wa mwisho hautaji mfalme, wala waziri, wala mteja yeyote aliyeuagiza. Wala hautaji bawabu. Unasema tu kwamba umeandikwa na Ali bin Hilal, katika Mji wa Amani, yaani Baghdad, mwaka 391 wa Hijria.